Jino limeacha kuuma, lakini sina pesa za kulitibu

SWALI

Shikamoo, dada Mshauri.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kike mwenye umri wa miaka saba, na ninafanya kazi ya kusafisha ofisi usiku. Mshahara wangu hulipia kodi ya nyumba, chakula na mahitaji ya shule, na huwa umekwisha kabla mwezi haujaisha. Ninakuandikia kuhusu jino, jambo ambalo naona haya kulieleza kwa sababu wengi hulihesabu kuwa dogo, ilhali kwangu limechukua miezi minane.

Lilianza kwa kushtuka kila nilipokunywa maji baridi, kisha likawa linaendelea kuuma hata baada ya kumeza, na kufikia mwezi wa nne lilikuwa likiniamsha usingizini, likipwita kana kwamba lina moyo wake lenyewe. Kazini nilikuwa nikishika ufagio kwa mkono mmoja na shavu kwa mkono wa pili.

Nilikwenda katika kliniki moja ya meno nikiwa na akiba ya wiki sita. Mtu wa mapokezi aliniuliza mbele ya watu wote kama nina uwezo wa kulipa, na nilipomtajia kiasi nilichokuwa nacho akasema pesa hizo zinatosha kumwona daktari tu. Daktari aliniambia kwamba gego la chini limeoza hadi kwenye kiini, kwamba linahitaji matibabu ya mzizi, yaani kulifungua na kulisafisha ndani hadi mizizini, na kwamba gharama yake inakaribia mishahara yangu miwili. Njia nyingine, alisema, ni kuling'oa. Akaniuliza pia kwa nini nilichelewa namna ile, nami nikainamisha kichwa bila kumjibu.

Nikarudi nyumbani. Mwenzangu wa kazini alinipa vidonge vya antibayotiki vilivyombakia alipougua kifua, nikavimeza kwa siku tatu. Mtu mwingine akanishauri nisage aspirini niibandike kwenye ufizi, na ufizi ukababuka. Kisha, wiki tatu zilizopita, maumivu yakakoma kabisa. Nilimshukuru Mungu nikidhani nimepona. Lakini sasa kuna kipele kwenye ufizi, chini ya jino lilelile, ambacho hutunga na kupasuka, na kila kinapopasuka nasikia ladha ya chumvi na harufu mbaya kinywani.

Je, nikope? Yupo mkopeshaji aliye tayari kunipa pesa zote za matibabu ya mzizi kwa riba ya kila wiki. Au niling'oe jino hilo, ingawa nina miaka 34 tu na naogopa kwamba nikianza kung'oa sitaishia hapo? Rafiki yangu ananiambia niende chuo cha udaktari wa meno, ambako wanafunzi hutibu kwa bei ndogo, lakini sitaki kuwa mtu wa kufanyiwa mazoezi. Nina kadi ya bima kupitia kazini, nayo hulipia kifua na tumbo. Kwa nini nikitaja jino naambiwa halimo? Jambo la mwisho ndilo linaloninyima raha zaidi. Mwanangu naye ana shimo kwenye jino la nyuma, na jirani ananiambia nisisumbuke kwa kuwa ni jino la utoto na litang'oka lenyewe.

Mama wa zamu ya usiku


JIBU

Marahaba, mdogo wangu.

Nitaanza na kile kipele, kwa sababu ndicho kisichoweza kungoja. Mkopo na bima vitafuata.

Jino lako halijapona. Daktari ndiye atakayethibitisha kwa kulipiga picha, lakini mambo uliyoyaeleza, tangu kushtushwa na maji baridi hadi kuamshwa usingizini na hatimaye ukimya wa ghafla, yanafuatana kama yanavyofuatana katika jino ambalo uozo umefika kwenye kiini, yaani ile sehemu laini ya ndani yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Kiini kinapovimba hakina pa kutanukia, kwa kuwa kuta za jino ni ngumu, na hapo ndipo maumivu ya kupwita yanapotoka. Baadaye kiini hufa. Mshipa uliokufa hauumi, na kwa hiyo watu wengi hushukuru wakati uleule ambapo bakteria wanashuka kupitia mzizi kuelekea kwenye taya. Kipele hicho kwa kawaida ni mlango ambao usaha umejifungulia, na maadamu unatoka, shinikizo linapungua nawe unajiona mzima. Mlango huo unaweza kuziba siku yoyote, na usaha ukatafuta njia nyingine.

Kwa hiyo lishike hili kabla ya mengine yote. Ukiona uvimbe unapanda kuelekea jichoni au unashuka chini ya taya na shingoni, ukishindwa kufungua kinywa vizuri, ukiona shida kumeza au kupumua, au ukipata homa pamoja na uvimbe, usiende kliniki ya meno wala usingoje mshahara. Nenda hospitali, sehemu ya dharura, saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane na hata kama huna kitu mfukoni. Maambukizi ya jino yanaposambaa shingoni yanaweza kuziba njia ya hewa, na watu hufa kwa sababu hiyo.

Vile vidonge vya mwenzako usivirudie. Uozo umo ndani ya jino lililokufa, mahali ambapo damu haifiki tena, na dawa isiyofikishwa na damu haiwezi kusafisha hapo. Antibayotiki ina kazi yake pale maambukizi yanaposambaa, tena kwa kipimo alichokiandika mganga, lakini kinachoponya ni kuondoa chanzo, ama kwa kulifungua na kulisafisha jino ama kwa kuling'oa. Aspirini nayo ni tindikali. Ukiibandika kwenye ufizi inaunguza nyama, kama ulivyojionea. Maumivu yakirudi, parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti husaidia, na kwa wengi aibuprofeni husaidia zaidi, isipokuwa kwa mwenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo au ujauzito.

Sasa pesa. Usikope kwa mtu wa riba ya kila wiki. Nalisema bila kusitasita, kwa kuwa mkopo wa namna hiyo utaendelea kukudai hata baada ya jino kusahaulika, tena gharama uliyotajiwa huenda si gharama yote. Gego lililotibiwa mzizi hubaki dhaifu, na mara nyingi huhitaji kuvikwa kofia, yaani gamba gumu la kulifunika lote, ili lisipasuke wakati wa kutafuna. Kofia hiyo aghalabu huwa na bei yake mbali. Nimesoma barua nyingi za watu waliolipia hatua ya kwanza, wakazibwa kwa muda, wakakosa pesa za kurudi, na baada ya miezi kadhaa kizibo kikatoka na jino likang'olewa. Hao walilipa mara mbili wakabaki na pengo. Kwa hiyo kabla ya kukubali matibabu ya mzizi popote pale, uliza: gharama ni kiasi gani hadi mwisho, pamoja na picha na kofia, kwa mahudhurio mangapi, na inawezekana kulipa kidogo kidogo kila hudhurio bila riba?

Ikiwa jibu litazidi uwezo wako hata mahali pa bei nafuu, basi kung'oa si kushindwa, na mtu asikufanye uone aibu. Mtu mzima huwa na meno 32, au 28 akiondoa magego ya mwisho, na madaktari wa meno kwa muda mrefu wamekubaliana kwamba mwenye meno 20 yaliyo imara na yanayokutana vizuri huweza kutafuna bila shida kubwa. Kupoteza gego moja hakukufungulii mlango wa kupoteza yote. Kinachoyamaliza meno ya watu ni kuachwa kwa yaliyobaki baada ya lile moja kuondoka. Ukweli mwingine ni kwamba pengo lina gharama yake: jirani zake huweza kuinama taratibu, na jino la juu lililokosa mwenzake huweza kushuka. Ndiyo maana nasema jaribu kwanza kuliokoa kwa bei unayoiweza, lakini usikae na usaha miezi mingine minane ukisubiri bei hiyo ipatikane. Kati ya jino lililong'olewa mwezi huu na jino lililooza mdomoni hadi mwaka ujao, la kwanza ni bora kwa afya yako.

Na hapa ndipo ninapotaka ukisikilize kile chuo. Hofu yako naielewa, ila naiona imeelekezwa pasipostahili. Mwanafunzi wa udaktari wa meno hamgusi mgonjwa kabla ya kujifunza kwa muda mrefu kwenye meno ya mifano, na anapomgusa huwa chini ya mwalimu ambaye hukagua hatua kwa hatua. Utakacholipa zaidi ni muda: ziara ya saa moja kwingineko inaweza kuchukua asubuhi nzima, na huenda ukawekwa kwenye orodha ya kungoja. Kwa mtu wa zamu ya usiku, asubuhi ipo, japokuwa najua ni usingizi wako unaoutoa. Mweleze atakayekupokea chuoni, mara ya kwanza kabisa, kwamba una kipele chenye usaha, kwa maana wenye maambukizi huangaliwa mapema kuliko wanaotaka kusafishwa meno. Kama chuo kiko mbali, uliza hospitali ya umma yenye kitengo cha kinywa na meno. Mara nyingi humo kuna matabibu waliofundishwa kung'oa na kuziba, na ada zao huwa chini. Ziko pia kambi za matibabu za siku moja au mbili. Hizo ni msaada wa kweli, lakini nyingi hung'oa zaidi kuliko kutibu, kwa hiyo uliza ni nani atakayekuona jeraha likivuja damu au likiuma baada ya wao kuondoka. Mahali pa kukimbia ni kwa mtu asiye na leseni, hata akiwa rahisi kiasi gani, kwa kuwa vifaa visivyochemshwa na kusafishwa ipasavyo huweza kukuambukiza homa ya ini au virusi vya UKIMWI.

Umeuliza kwa nini bima inatambua kifua na tumbo lakini inalikataa jino. Swali hilo lina haki nyingi ndani yake, nami linanikera kama linavyokukera. Udaktari wa meno ulijitenga na udaktari mwingine mapema: chuo cha kwanza cha meno duniani kilifunguliwa Baltimore, Marekani, mwaka 1840, kikiwa peke yake, nje ya shule za udaktari, na utengano huo uliendelea katika hospitali, katika bajeti na hatimaye katika bima. Marekani ilipoanzisha bima ya wazee ya Medicare mwaka 1965, matibabu ya kawaida ya meno yaliachwa nje. Uingereza ilianza vizuri mwaka 1948 kwa kuyaingiza bila malipo katika huduma yake ya afya ya taifa, lakini mahitaji yalifurika, na mwaka 1951 ikaanza kutoza ada kwa meno bandia, kisha mwaka uliofuata kwa matibabu yenyewe. Hivyo kinywa kikahesabiwa kama nyongeza ya mwili, kitu cha mwenye ziada. Wakati huohuo Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2022, lilikadiria kwamba watu wapatao bilioni 3.5 wana maradhi ya kinywa, na kwamba watatu kati ya kila wanne miongoni mwao wanaishi katika nchi za kipato cha kati. Ugonjwa unaowapata watu wengi kiasi hicho hauwezi kuwa uzembe wa mama mmoja anayefagia ofisi usiku.

Hata hivyo usiiamini kadi kwa neno la mtu wa dirishani. Omba orodha ya huduma zinazolipiwa, kwa maandishi. Baadhi ya bima zinazokataa kuziba, kutibu mzizi na meno bandia hukubali kung'oa, kupasua jipu au kulazwa kwa sababu ya maambukizi ya taya, na huenda hicho unachokihitaji sasa kimo chini ya jina la upasuaji mdogo, wala si chini ya neno meno. Muulize pia mwajiri wako, au chama cha wafanyakazi kama kipo, nini kimekatiwa bima kwenye mkataba wenu.

Kuhusu yule wa mapokezi: alikukosea. Kuulizwa uwezo wa kulipa si kosa lenyewe, kwa kuwa kila kituo kina gharama zake, bali kuulizwa mbele ya watu. Safari hii usingoje kuulizwa. Piga simu kabla ya kwenda, au fika uombe kusema na mhusika pembeni, na useme maneno kama haya: "Nina gego la chini lenye usaha kwenye ufizi. Nina kiasi hiki leo, na naweza kuleta kiasi hiki kila mwezi. Naomba daktari aniambie kipi hakiwezi kungoja, kipi kinaweza kungoja, na kila kimoja ni bei gani, aniandikie." Daktari mzuri hafadhaishwi na maneno hayo. Yanamsaidia kupanga, kwa sababu mtu asiyetaja uwezo wake hupangiwa matibabu ya mtu mwingine, kisha harudi. Na akikuuliza tena kwa nini ulichelewa, mjibu ukiwa umeinua uso: sikuwa na pesa. Ni jibu la kitabibu kama majibu mengine, na anapaswa kuliandika kwenye faili lako.

Mengine yatakayopunguza gharama za baadaye unayajua, kwa hiyo nitayataja kwa haraka. Mswaki mara mbili kwa siku, mara moja ikiwa ni kabla ya kulala, ambako kwako ni asubuhi. Dawa ya meno iwe na floraidi, kati ya sehemu 1,000 na 1,500 kwa milioni (ppm), kama inavyoandikwa nyuma ya boksi, na ukishaona kiwango hicho bomba la bei ya chini linatosha. Ukimaliza tema povu bila kusukutua kwa maji, ili floraidi ibaki kwenye meno. Na vitu vitamu vinadhuru zaidi vikinywewa kidogo kidogo usiku kucha kuliko vikiliwa mara moja pamoja na mlo. Nalisema hili kwa sababu watu wengi wa zamu ya usiku hujikesheza kwa vinywaji vyenye sukari.

Nimemwacha mwanao mwisho kwa kuwa yeye ndiye tunayeweza kumwokolea mengi kwa pesa kidogo. Jirani yako amekosea mara mbili. Kwanza, magego ya utoto hayatoki upesi kama meno ya mbele. Mengi hudumu hadi mtoto afikapo miaka kumi, kumi na moja au kumi na miwili, na muda wote huo huwa yanashikilia nafasi ya meno yatakayofuata. Miaka mitatu au minne ya maumivu na usaha si kitu cha kumwachia mtoto. Pili, na hili ndilo linalonitia wasiwasi, huenda lenye shimo si jino la utoto hata kidogo. Mtoto anapofikia umri wa miaka sita hivi, gego lake la kwanza la kudumu huchipuka nyuma kabisa ya magego ya utoto bila kung'oa jino lolote, kwa hiyo wazazi hawalioni likija na hudhani limekuwapo siku zote. Jino hilo halina mrithi.

Habari njema ni kwamba kwa shimo dogo la mtoto kuna tiba mbili zisizohitaji mashine ya gharama. Moja ni kukwangua uozo laini kwa vifaa vya mkono na kuziba kwa saruji ya glasi ionoma, ambayo hutoa floraidi ndani ya jino. Mbinu hiyo ya kutumia vifaa vya mkono ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwa ajili ya mahali pasipo na umeme. Nyingine ni kimiminika cha floraidi kilichochanganywa na madini ya fedha (kwa Kiingereza, silver diamine fluoride), ambacho hupakwa kwa brashi ndogo bila sindano ya ganzi na huweza kusimamisha uozo. Huacha alama nyeusi pale palipooza, na daktari anatakiwa akwambie hivyo mapema, lakini kwenye jino la nyuma alama hiyo haionekani. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza saruji hiyo na kimiminika hicho, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi, katika orodha yake ya dawa muhimu, ile ambayo serikali nyingi huitazama zinapoamua dawa za kununua. Viulizie kwa majina hayo.

Nendeni pamoja, siku moja, nauli moja. Na leo, kabla hujaingia kazini, mketishe mwanao mbele ya mwanga, afungue kinywa, uhesabu kutoka katikati ya meno ya mbele kwenda nyuma upande wenye shimo, ukihesabu pia nafasi ya jino lililokwisha kung'oka. Hadi la tano ni meno ya utoto au yaliyoshika nafasi zake. Shimo likiwa kwenye la sita, hilo ni la kudumu, na ndilo la kumwambia daktari kwanza mtakapoingia chumbani kwake.